Feni ya dirishani kwenye chumba cha bati: kumbukumbu ya mradi wangu, Januari hadi Machi

Januari 6

Nimepanga chumba Tandika, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu kushoto, vitatu kulia, korido katikati, uani bomba na choo. Changu ni cha mwisho kulia. Mita 3 kwa 3, tofali za saruji za inchi 5, juu bati tupu bila dari. Kuta zenyewe hazifiki kwenye bati, zinaishia njiani halafu ni kenchi na giza, ndiyo maana wa chumba cha kwanza akipiga chafya mimi wa mwisho namwambia pole. Dirisha ni moja, la mbao, sentimita 90 kwa 90, lina nondo na wavu wa mbu. Linatazama uchochoro ambao ukinyoosha mikono unagusa nyumba zote mbili.

Kaskazi inavuma, ukitoka barabarani unaisikia. Uchochoroni haiingii.

Nimenunua kipimajoto kidogo cha betri Kariakoo, shilingi 10,000, kwa sababu nimechoka kusema "leo joto" bila ushahidi. Leo saa tisa alasiri: nje kivulini 32, ndani 35. Saa mbili usiku: nje 29, ndani 33.5. Saa kumi na moja alfajiri, muda ambao mtu anatakiwa awe anatafuta shuka: nje 26, ndani 30. Hizo digrii 4 za alfajiri ndizo ninazozitaka. Najua feni haiwezi kukifanya chumba kiwe baridi kuliko nje. Ila nje kuna 26 za bure na mimi nalala kwenye 30.

Januari 9

Feni ya mtumba ya kusimama, panga inchi 16, shilingi 25,000. Muuzaji aliiwasha, ikazunguka, nikalipa. Nyumbani ikawa inanguruma tu, mpaka uisukume panga kwa kidole ndipo inaanza. Kumbe pale dukani alikuwa ameisukuma nikiwa natafuta pesa kwenye pochi.

Fundi redio wa hapa mtaani hakuifungua hata kidogo. "Hiyo kapasita, dada." Elfu 2, dakika kumi. Bushi nimeitia mwenyewe oili ya cherehani, hiyo kwangu haikosi, ni kazi yangu. Sasa inaanza yenyewe na haipigi kelele. Kibandiko nyuma kinasema wati 50.

Januari 11

Jaribio la kwanza, na kila video niliyotazama inasema hivi: feni itazame nje, itoe hewa ya moto, ya baridi itaingia yenyewe kwa mlango. Nikaiweka juu ya meza ikitazama uchochoroni, nikafungua mlango wa koridoni. Saa mbili usiku 33.5. Saa tatu, 33. Nusu digrii kwa saa nzima!

Kilichonishinda kukielewa ni kwamba feni ilikuwa inafanya kazi. Niliweka karatasi ya patani za nguo kwenye nondo, ikabandukia nje ikawa inapepea kama bendera. Hewa inatoka kweli. Basi inayoingia inatoka wapi?

Nikachukua chetezo, nikatia ubani kidogo. Moshi wa ubani ni kipimo kizuri kuliko vyote nilivyotumia kwenye mradi huu, na chumba kinanukia. Nilipokiweka mlangoni, moshi ulisogea kidogo tu kuja ndani. Nilipopanda kwenye stuli na kukiinua karibu na kenchi, moshi ulishuka kama umeitwa, ukapita juu ya kitanda, ukaenda moja kwa moja dirishani.

Yaani nilikuwa naivuta hewa ya chini ya bati. Bati limepigwa jua mchana kutwa, huko juu ndiko joto la vyumba vyote sita linakokwenda kukaa, na mimi nimeweka mashine ya kulishusha lije kwangu. Wenye video wana dari. Kwao hewa haina pa kupita ila mlangoni. Kwangu paa lote ni mlango.

Januari 12

Sababu ya pili ya kuacha kutoa hewa nje. Jirani aliwasha jiko la mkaa karibu na mlango wa uani, mambo ya kila siku. Nikawasha feni, ikitazama nje bado. Baada ya muda samaki wote wa jirani walikuwa chumbani kwangu, kwa harufu. Harufu si neno, ila mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, na hiyo haina harufu wala rangi, inakulaza tu, usiamke. Feni inayotoa hewa nje inafyonza kutoka popote inapopata upenyo, na haichagui. Kama unaishi nyumba ya majiko ya koridoni, tafadhali lifikirie hilo kabla ya kuiga video.

Januari 14

Nimeigeuza. Sasa inatazama ndani, mgongo dirishani.

Upepo mzuri mwilini, lakini kipimajoto saa tatu usiku kilisoma 32.5. Chetezo tena. Moshi niliouweka pembeni ya feni ulizunguka ukarudi nyuma yake, ukapita tena kwenye panga. Feni ilikuwa inakunywa hewa ileile ya chumba, inaitema, inainywa tena. Ya nje ilikuja kidogo mno. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba pengo la pembeni lina kazi kubwa kuliko feni yenyewe.

Nimeziba kwa boksi la televisheni na selotepu, nikaacha duara la feni tu. Sura yake ni ya aibu. Saa tatu usiku: 31. Saa tano: 29.5. Nililala nikasahau kupima alfajiri.

Januari 17

Kaka yangu anafundisha fizikia sekondari, nikampigia kumweleza. Nilidhani atacheka. Akaniuliza vipimo vya chumba, akakaa kimya kidogo, akasema: "Dada, wewe unadhani unapoza hewa. Piga hesabu ya kuta."

Tukapiga pamoja. Hewa ya chumba changu ina uzito wa kama kilo 27. Kuishusha digrii moja unatoa kilojuli 27 hivi. Kuta nne, ukitoa mlango na dirisha, ni karibu tani 7 za saruji na mchanga. Kuzishusha digrii moja unatoa kilojuli kama 6,000. Zaidi ya mara 200.

Ndiyo maana ukifungua dirisha saa mbili unapata nafuu ya dakika tano, ukifunga joto linarudi. Hewa umeibadilisha, lakini ukuta umekaa palepale unapasha hewa mpya. Sasa nikiweka kiganja ukutani saa nne usiku nausikia, umefanana na chapati iliyotolewa muda kidogo. Bati lenyewe ni jembamba, linapoa haraka, usiku wa manane ukiligusa ni baridi. Ukuta ndio wenye kinyongo.

Kwa hiyo kuwasha feni nikihisi joto na kuizima nikipata usingizi hakutoshi. Iwake kuanzia nje kunapozidi kuwa baridi kuliko ndani mpaka asubuhi, hata kama nimelala fofofo.

Nilimuuliza kuhusu barafu mbele ya feni, maana kila mtu ananishauri. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inakula kilojuli 334. Nikinunua pakiti za kilo tatu ni kama kilojuli 1,000, sawa na kuzipoza kuta sehemu moja ya sita ya digrii. Nimeiacha barafu kwenye juisi.

Januari 24

Boksi limelegea kwa unyevu, nimefanya kazi ya kweli. Kipande cha plaiwudi kutoka kwa mafundi wa vitanda, shilingi 8,000, wamenikatia na tundu la mviringo la sentimita 43. Nguzo ya feni nimeiondoa, kichwa nimekifunga kwenye ubao kwa vipande viwili vya bati na nati. Pembeni nimebandika vipande vya godoro kuukuu ili ubao ubane kwenye fremu bila misumari, kwa sababu fremu si yangu. Kazi ya kushona ilinisaidia hapa: nilichora kwanza kwenye karatasi kama ninavyochora pindo, nikajaribisha, kisha ndipo plaiwudi.

Faida ambayo sikuipanga: ubao unaziba dirisha. Uchochoroni kwetu kuna watu wenye fimbo ndefu zenye ndoano, na nguo za wateja wangu zinaning'inia chumbani. Zamani nililala dirisha nusu wazi na moyo nusu wazi.

Usomaji wa usiku wa kwanza: saa mbili 33, saa tatu 30.5, saa tano 29, alfajiri 27 (nje 26). Chetezo mlangoni: moshi unatoka kwenda koridoni. Chetezo juu: moshi unapanda, unapita juu ya ukuta na kuondoka kwenye upenyo wa paa. Hewa ya moto ilikuwa inataka kwenda juu tangu mwanzo, mimi nilikuwa naivuta miguu.

Januari 26

Mama mwenye nyumba amegonga asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeambiwa una mashine inakesha."

Luku yetu, yaani mita ya umeme, ni moja kwa wapangaji wote, tunachanga, na mwezi huu mchango ulipanda. Sikubishana. Nikamwomba Jumapili wote wazime kila kitu kwa dakika kumi. Mita ina kitaa chekundu kinachokonyeza, na pembeni imeandikwa kwamba mikonyezo 1,000 ni uniti moja. Tutasimama mimi na yeye, saa ya simu mkononi.

Februari 1

Feni yangu peke yake, dakika kumi: mikonyezo 8. Kwa saa kumi za usiku ni karibu nusu uniti, kwa mwezi uniti 15. Sisi tunanunua uniti kwa shilingi 356, kwa hiyo ni kama 5,300 kwa mwezi.

Kisha nikachomeka pasi yangu ya wati 1,000. Dakika moja, mikonyezo 17. Mama akafungua macho. Halafu, kwa kuwa tulishasimama pale, akatuma mtoto alete jagi la kuchemshia maji la mpangaji wa chumba cha mbele. Sitaandika lilikonyeza mara ngapi, tunaishi pamoja. Nimekubali kuongeza 5,500 kwenye mchango wangu, na suala la mashine inayokesha limehamia chumba kingine.

Februari 8

Ushauri mwingine wa mtandaoni: asubuhi funga dirisha na mapazia, hifadhi ubaridi wa usiku. Nimejaribu Jumapili nikiwa nyumbani. Saa nane mchana: 36. Sijawahi kusoma 36 humu.

Nadhani kwenye nyumba za mawe za Unguja au Lamu, zenye kuta nene na paa zito, ushauri huo una maana, mchana kule ndani ni afueni. Kwangu bati linapasha chumba kutoka juu, kwa hiyo mchana ndani daima ni moto kuliko nje. Kufunga ni kufunika sufuria. Nimefungua, nikawasha feni iingize: saa tisa 33.5. Bado joto, lakini ni digrii moja na nusu chini ya Januari 6, na nje siku zote mbili ilikuwa 32.

Februari 21

Wiki mbili za raha, kisha alfajiri zikaanza kupanda: 27.5, 28, 28.5. Nilishuku kapasita tena. Kumbe ni wavu wa mbu. Umeshika vumbi na nyuzi za vitambaa vyangu mwenyewe mpaka ukawa kama kitambaa cha kuchujia tui. Nimeutoa, nikauosha kwa sabuni na brashi ya viatu. Usiku huohuo 27. Nimeweka alama kwenye kalenda, kila Jumamosi ya pili.

Kitanda nacho nimekisogeza. Chandarua kinakula upepo vibaya, sasa kichwa kiko mita moja kutoka kwenye feni na upepo unapenya.

Machi 15

Masika imeleta salamu. Saa tisa usiku nimeamka na matone usoni, yanarushwa na panga. Nikachomoa waya kwanza, kisha ndipo nikawasha tochi. Mota ilikuwa kavu, bahati tu.

Nimetengenezewa kofia ya bati, imeshikwa kwenye nondo kwa nje, imeinama kama ukingo wa kibanda cha chipsi, sentimita 40. Ilinipotezea upepo kidogo, alfajiri nasoma 27 wakati nje ni 25.5. Mvua ya upepo bado inafika, siku hizo nazima.

Machi 22

Mama mwenye nyumba amekuja na feni yake ya zamani, imefunikwa kanga. Anataka "kama ya huko kwako". Inanguruma bila kuzunguka, kwa hiyo elfu 2 za kapasita tunazijua tayari. Nimepima dirisha lake: 110 kwa 90. Lakini chumba chake kina dari ya plaiwudi, na dari hiyo imeziba mpaka ukutani, hewa ikiingia haina pa kutokea juu. Nimemwambia asikate ubao bado. Jumapili nakwenda na chetezo, yeye atatoa ubani.