Likizo ya baridi huku Njombe

Basi jamani nimechukua likizo wiki hii ya Sabasaba, na mnaoijua Njombe mwezi wa saba hamna haja ya kuambiwa, huku juu karibu mita 2,000 unalala na sweta na soksi na bado unatetemeka. Asubuhi naanza na nyumba, napasua kuni, naziba nyufa za dirisha la jikoni (mwenye nyumba anasema "kesho" tangu mwezi wa tatu), halafu nafuma kidogo, ndio, mwanaume nafuma, mashemeji wacheke tu, kofia wataziomba. Mbwa wangu wawili hawabanduki jikoni mpaka jua litoke vizuri.

Mchana sasa ndo raha, natoa baiskeli nashika njia ya Luponde kule kwenye mashamba ya chai, vumbi jekundu, vilima havina huruma, ukipanda unatoka jasho unafungua jaketi, ukianza kuteremka upepo unakata masikio na vidole havisikii hata breki, kwa hiyo glavu za sufu lazima. Mbwa wangu mmoja, Simba, ananifuata mpaka mlima wa kwanza, anakaa, ananiangalia, anarudi zake nyumbani. Kesho nabadilisha cheni, mwenye kifaa cha kukatia cheni anicheki.