Tulivyolima mboga Manzese bila seng'enge

Jamani na mimi nilete uzoefu wangu, maana nikisema tumelima mboga Manzese, hapa Dar, watu wananicheka, Manzese gani hiyo yenye nafasi. Ipo. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na kipande kimegeuka dampo, mwenyekiti wa mtaa akaturuhusu tukasafisha, basi.

Kuna mjuaji mmoja akatuambia bila seng'enge hamvuni kitu. Tukachanga laki na ushee, tukazungushia. Siku ya tatu imekatwa. Tukafunga, ikakatwa tena palepale. Nikajua wezi hao, nikakesha na tochi, saa kumi na moja alfajiri namkamata nani? Mama muuza vitumbua, ndoo ya unga kichwani, plaizi mkononi! Nikabaki "shikamoo mama", akaitikia marahaba bila hata aibu, "mwanangu mmeniziba njia, nizunguke hadi barabarani na ndoo hii?" Nilikosa jibu.

Tukaing'oa. Kikao sikutaka, vikao vyetu wanaongea wanaume wawili walewale na wote hawalimi. Nikaenda kwa mama ntilie na wakaanga chipsi nikaomba majivu, viroba viwili, jioni nikayatandaza kiwanja kizima, watu wakasema huyu sasa kaanza uchawi. Asubuhi kila kitu kipo chini pale! Ndala zimekata kona hadi kona kwenda bombani, vinyayo vya watoto vimezunguka mwembe, halafu pembeni vitundu vya mkongojo wa bibi vimefika kwenye mtaro vikarudi. Na mistari mitatu ya baiskeli ya kaka yetu mlemavu, imefika mtaroni, ikageuka, ikaondoka. Bibi na kaka kikaoni hawajawahi kufungua mdomo. Majivu hayakupotea, tuliyakusanya tukanyunyizia mboga kufukuza wadudu.

Basi palipokanyagwa pakawa njia, mboga zikakaa palipobaki. Upana tulipima na baiskeli yenyewe, kaka akapita, akageuza, tukachora nyuma yake na kijiti. Mtaro tukauwekea zege juu bibi na kaka wavuke, na hapo fundi alitupiga hela mbaya.

Bibi akasema matuta hayataki, "nikiinama hapo siinuki mjukuu wangu". Ndio tukaiga kulima kwenye magunia kama Kibera, Nairobi, wenzetu kule yaliwasaidia sana baada ya vurugu za uchaguzi za 2008. Gunia langu la kwanza aibu tupu, nilijaza udongo mpaka juu, maji yakaishia juu huku chini kukavu kama biskuti. Kumbe katikati inapanda nguzo ya mawe: unachukua kopo la rangi lisilo na matako wala kifuniko, unalisimamisha, mawe ndani, udongo pembeni, unalivuta juu, unajaza tena. Maji yanashuka mpaka chini. Ubavuni unatoboa matundu unapachika miche ya sukumawiki na spinachi, bibi anachuma amesimama wima. Ya kaka tuliyajaza nusu, kimo cha aliyekaa.

Samadi ya kuku iache ipoe wiki kadhaa kwanza, mimi niliimwaga mbichi miche ikaungua yote nikasingizia jua. Na maji ya kufulia weka mbali, ya kuoshea mchele ruksa.

Mchicha ulitoka kabla mwezi haujaisha. Anayemwagilia alfajiri ni mama wa vitumbua, si anapita hapo hapo. Plaizi bado anatembea nayo, sijathubutu kumuuliza.