Magego tunayotupa

Mama yangu siku hizi anatafuna upande mmoja tu. Ugonjwa wa fizi umekula mfupa, meno yanacheza. Daktari alimsafisha mizizi vizuri, ila akatuambia ukweli: mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.

Nikaanza kusoma. Mwaka 2004 watafiti Marekani, akiwemo Songtao Shi, walitangaza kupata seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kwenye nyuzi zinazoshikiza mzizi wa jino kwenye taya. Walizitoa kwenye magego ya mwisho yaliyong'olewa, hayo hayo tunayotupa! Tokyo madaktari wakazikuza zikawa utando mwembamba, wakawapandikizia wagonjwa 10, na mfupa ukaongezeka.

Tiba hii haijafika kliniki za kawaida. Mama kaniuliza kama itamwahi. Natamani mno. Kwa sasa tunayatunza yaliyobaki, Jumanne tunarudi kusafisha.