Kutoka Sham Shui Po hadi Choi Hung: bomba, foleni na chumba cha mita 11

Nilishuka treni Sham Shui Po, Kowloon, saa tatu asubuhi, mfukoni nikiwa na tepu ya kupimia. Husemwa kwamba Hong Kong haina ardhi. Inayo, takriban kilomita za mraba 1,100, ila sehemu kubwa ni milima, hifadhi huchukua kama asilimia 40, na makazi yamebanwa kwenye asilimia 7 hivi. Watu zaidi ya milioni 7 wanagawana kipande hicho. Nilichokuja kutazama ni jinsi kinavyokatwa mpaka kumfikia mtu mmoja, na nani anashika kisu.

Kisu nilikikuta ghorofa ya nne, katika jengo la zamani lisilo na lifti, aina wanayoiita tong lau. Nyumba iliyojengewa familia moja imekatwa vyumba vinne kwa kuta za bodi. Kwa Kikantoni chumba cha namna hii ni tong fong, na neno la kwanza ndilo hilohilo la kumpasua samaki. Dirisha la mbele limegawanywa katikati na ukuta: nusu huku, nusu kule. Kwenye korido hupiti ila kwa ubavu, na hiyo ndiyo njia pekee ya kutokea moto ukizuka.

Mlangoni lazima uinue mguu, kwa sababu sakafu ya ndani imepandishwa. Tepu ilinionyesha sentimita 12. Nyumba ilikuwa na choo kimoja tu, nyuma, penye bomba kuu la majitaka. Sasa kila chumba kina chake, na bomba lake limelazwa juu ya slabu, yaani sakafu ya zege ya jengo, na kufunikwa kwa zege jingine. Bomba la choo linahitaji mteremko wa kama sentimita 10 kwa kila mita 4, kwa hiyo choo cha chumba cha mbele kikiwa mita 8 kutoka bomba kuu, sakafu ingepaswa kupanda sentimita 20, mbali na unene wa bomba lenyewe. Hakuna mwenye nyumba anayekubali kupoteza dari kiasi hicho. Fundi hupunguza mteremko, uchafu unakwama, maji yanarudi, kisha yanapenya mpaka kwa jirani wa chini. Uzito nao ni janga lake: zege la sentimita 10 ni kilo 240 kwa kila mita ya mraba, ilhali sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kama kilo 200 za watu na vyombo. Slabu imeshamaliza posho yake kabla kitanda hakijaingia.

Tangu Januari 2022 sheria humpa mpangaji wa vyumba hivi mkataba wa miaka 2 na haki ya kuuendeleza kwa miaka 2 mingine, kodi isipande zaidi ya asilimia 10 wakati wa kuuendeleza. Kumtoza maji na umeme kupita sehemu yake ya bili ni marufuku. Kodi ya kuanzia, hata hivyo, haikuwekewa kikomo, na hapo ndipo mpangaji mpya anapoumia. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kiwango cha chini: mita za mraba 8, dari isiyopungua mita 2.3, dirisha, na choo. Nakiunga mkono kwa moyo wote, lakini kila choo kinachoongezwa ni bomba jingine juu ya slabu ileile.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu hadi Mei Ho House, Shek Kip Mei. Usiku wa 25 Desemba 1953 moto uliteketeza mabanda ya eneo hili, watu zaidi ya 50,000 wakabaki bila makazi, na serikali ikaanza kujenga. Jengo la Mei Ho House ni la 1954, lenye umbo la herufi H, na sasa ni hosteli yenye makumbusho. Chumba kimoja kilikuwa mita za mraba 11, kikihesabiwa watu wazima watano, mtoto wa chini ya miaka 10 akiwa nusu mtu. Kilikuwa kidogo kikatili, na kupika kulikuwa koridoni. Ila vyoo na bomba la maji viliwekwa pamoja katika mkono wa katikati wa ile H, nje ya vyumba. Ilikuwa adha ya kila siku, foleni ya ndoo na aibu ya bafu la pamoja, lakini vyumba vyenyewe vilibaki vikavu.

Treni ya laini ya Kwun Tong hunifikisha Lok Fu kwa vituo viwili. Fomu za kuomba nyumba za umma, zile za kupanga kutoka serikalini, hupelekwa hapa. Anayeomba awe mwangalifu na maana ya “muda wa kusubiri”: unahesabiwa tangu kusajiliwa hadi kupendekezewa nyumba ya kwanza, si hadi kupata ufunguo. Lengo ni miaka 3. Mwaka 2022 wastani ulifika 6.1. Familia hupendekezewa nyumba tatu, moja baada ya nyingine, na ikizikataa zote bila sababu inayokubalika, ombi hufutwa na mwaka mzima upite kabla ya kuomba tena. Anayeishi peke yake na si mzee hayumo kabisa katika wastani huo. Yeye hupangwa kwa pointi, na akifikisha miaka 45 huongezwa 60 kwa mkupuo.

Vituo vitatu mbele ni Choi Hung, majengo 11 ya miaka ya 1960 yaliyopakwa rangi za upinde wa mvua. Wageni hupiga picha kwenye uwanja wa mpira wa kikapu juu ya maegesho. Mimi nilitazama ukuta wa nje: mabomba yamenyooka toka juu hadi chini, kwa kuwa kila choo kimekaa juu ya choo. Sasa mtaa huu utavunjwa na kujengwa upya kwa awamu. Kabla jengo halijaguswa, wakazi wake lazima wapate pa kuhamia, na nyumba mpya inayochukuliwa na familia ya Choi Hung ni nyumba ambayo mwombaji wa Lok Fu hakuipata. Mwombaji huyo kwa sasa yuko Sham Shui Po, anainua mguu mlangoni.