Nilivyookoa sauti za sampla ya baba mdogo

Baba mdogo alirekodi kwaya pale Uyole kwa miaka mingi akitumia sampla ya Akai S2000, mashine inayorekodi sauti fupi na kuzipiga kupitia kinanda, toleo lililoingia sokoni mwaka 1995. Mashine ile ukiizima, au umeme ukikatika, inasahau kila kitu. Kila ukiiwasha unapakia sauti upya kutoka kwenye flopi, zile diski bapa za zamani. Ngoma alizozirekodi mwenyewe Rungwe, kayamba, kengele ya kanisa, vyote vilikuwa kwenye flopi 31 ndani ya boksi la viatu, chini ya kitanda. Na Mbeya mnaijua, baridi na unyevu wa masika haviachi kitu kikavu.

Mara ya kwanza nilikwenda na kisomea flopi cha USB. Kompyuta ikaniambia flopi haijafomatiwa, niifomati, yaani niifute na kuipanga upya? Nashukuru sikukubali. Flopi ilikuwa nzima kabisa, ila kisomea kile kinajua mpangilio wa kompyuta tu, wenye sekta (vipande vya data) 18 za baiti 512 kwa kila njia, yaani kila mzunguko wa flopi. Akai hupanga sekta 10 za baiti 1,024. Wengi hutupa flopi zao hapo wakidhani zimekufa.

Fundi mmoja Mwanjelwa aliniuzia kisomea cha ndani, kile chenye waya mpana wa pini 34, alichokifungua kwenye kompyuta chakavu. Nikaagiza na kibao kidogo kiitwacho Greaseweazle, ambacho huunganisha kisomea hicho na laptopu kwa USB na kusoma sumaku yenyewe ya flopi, bila kujali nani aliipanga. Unakitajia fomati, yangu ilikuwa akai.1600, nacho kinapita njia 80, upande wa juu na wa chini, kikiandika kila njia imetoa sekta ngapi kati ya 10.

Sasa hapa naomba msikilize vizuri, maana hapa ndipo niliumia. Flopi ya pili niliiingiza bila kuikagua. Ikatoa mlio wa kukwaruza, na nilipoitoa nikaona duara jeupe limechongeka kwenye utando, ile diski laini ya ndani inayoshika sauti. Ulikuwa ukungu. Umeng'ang'ania kwenye kichwa cha kisomea na kula flopi, na ungekula na zinazofuata. Ile sikuipata tena.

Tangu hapo kila flopi niliivuta kile kifuniko chake cha bati, nikazungusha utando kwa kidole kutoka kitovuni, nikiutazama kwenye mwanga wa dirisha. Yenye madoa ya kijivu niliipangusa taratibu kwa pamba yenye spiriti, pande zote mbili, nikaiacha ikauke. Kichwa cha kisomea nacho nilikipangusa kila baada ya flopi tatu. Na kabla ya kuingiza chochote, nilifungua kile kitundu cha pembeni ili flopi isiweze kuandikwa.

Kuna aliyenishauri nirekodi tu sauti kwa waya kutoka kwenye sampla. Sikubaliani naye. Ukifanya hivyo unapata mlio peke yake. Lupu (sehemu ya sauti inayojirudia), noti ya msingi, na jinsi sauti zilivyogawanywa kwenye kinanda, vyote vinabaki nyuma. Nakala ya flopi nzima inabeba kila kitu, tena ni baiti 1,638,400 tu. Zote kwa pamoja hazifiki hata MB 51. Kutoka kwenye nakala hizo, programu ya akaiutil ikanitolea faili za sauti za WAV za kusikiliza.

Akai huruhusu herufi 12 tu kwenye jina, kwa hiyo nilikuta KENGELE KUBW, na NGOMA RUNGWE. Kisha flopi ya 24: SAUTI BIBI 1. Njia ya 41 ilitoa sekta 7 kati ya 10. Nikaipangusa, nikasoma tena, 9. Nikaiacha usiku kucha karibu na jiko la mkaa lililokwisha kupoa, asubuhi nikapangusa mara ya tatu, ikatoa 10.

Jumapili nilimpelekea baba mdogo. Nilikuwa nimeshaweka kifaa kiitwacho Gotek mahali pa kisomea cha zamani cha sampla, inayosoma nakala zile kutoka kwenye flashi, kwa hiyo alipakia mwenyewe, kwenye mashine yake. Akabonyeza C ya kati kwenye kinanda. Kigelegele cha bibi kikajaa sebuleni. Alikibonyeza tena na tena, bila kuniangalia, kisha akasema, "Mwanangu, mama huyo."