Maji kwanza: nilivyojipanga kuishi shambani Manda

Tulipoamua kuhama Mkomani, mtaa wa mji wa Amu (Lamu), twende shambani kisiwa cha Manda, mimi, mke wangu na watoto wawili, kitu cha kwanza nilichonunua ni paneli ya sola. Shambani kwetu Manda hakuna waya wa stima, basi nikaona nikipata taa nimeshajitegemea. Ami yangu, fundi wa nyumba za mawe tangu ujana wake, aliitazama ile paneli, akageuka akaangalia kisima. "Anda na mai, mwanangu," akaniambia, yaani anza na maji.

Ardhi ya Manda ni jiwe la matumbawe, na kisima chetu kina maji ya chumvichumvi. Kufulia, sawa. Kwa chai hayafai. Magofu ya mji wa Takwa yako kisiwa hichohicho; mji huo ulihamwa karne ya 17, na sababu mojawapo inayotajwa ni visima kuingia chumvi. Watu wa Shela, kijiji cha ng'ambo kisiwani Lamu, ambao wazee wao walitoka Takwa, mpaka leo huvuka kwenda kuomba mvua penye kaburi la nguzo lililoko huko. Niliwaona tangu utotoni. Nilipoanza kubeba mitungi ya lita 20 kwa mashua kutoka Amu ndipo nilipowaelewa.

Tukakaa chini na Ami tukapiga hesabu. Watu wanne, lita 20 kila mmoja kwa siku, ni lita 80. Kaskazi ikikausha siku 120, zinatakiwa lita 9,600. Tukachimba jabia, yaani birika la kuwekea maji ya mvua, ya mita 3 kwa 2, kina mita 2, inayoingia lita 12,000. Paa la makuti nililipenda kwa ubaridi wake, lakini maji yake hutoka ya kahawia na yana harufu. Kwa hiyo jiko na baraza tukaziezeka mabati, jumla mita za mraba 48. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukitoa yanayorukia nje na yanayokauka, mimi huhesabu lita 40 kwa kila milimita. Mvua moja nzuri ya masika, ya milimita 50, inanipa lita 2,000.

Plasta ya kwanza ilipasuka, na kosa lilikuwa langu. Tuliipiga wakati wa jua kali, nami nikabania maji ya kuinyweshea kwa sababu nilikuwa nayanunua. Siku ya tatu nyufa zilikuwa zimetapakaa ukutani kama mishipa ya jani. Tukabandua, tukapiga upya, tukaifunika magunia, na kwa wiki mbili mke wangu aliyalowesha asubuhi, adhuhuri na jioni. Hiyo ya pili haijavuja hata tone.

Mvua za mwanzo wa msimu siziingizi ndani. Zinakuja na kinyesi cha kunguru, vumbi na chumvi ya upepo, kwa hiyo naligeuza bomba zimwagikie migomba mpaka paa lioshwe. Mdomo wa jabia nimeuwekea wavu wa mbu. Nikakumbuka pia birika la nyumba ya bibi yangu: chini kulikuwa na bakuli la kauri lililojengewa humo, maji yakipungua samaki wadogo wanabaki ndani yake, hai, wakila viluwiluwi vya mbu. Nami nikatia samaki. Maji ya kunywa tunayachemsha vilevile.

Sola ilifuata, wala haikunisumbua sana. Betri yangu ya asidi, volti 12, saa-ampea (Ah) 100, kwa karatasi ni wati-saa 1,200, ila nikitaka idumu situmii zaidi ya nusu. Taa tano, simu na redio zinatosheka. Friji sina, samaki wakizidi tunawapasua na kuwakausha, wawe ng'onda. Vichwa vya betri navipaka grisi kila mwezi, maana hewa ya bahari hula shaba. Muhogo na kunde tumeshaacha kununua, nazi tunazo, mchele bado tunavuka kuufuata.

Kila Ijumaa baada ya sala nateremsha ufito niliouchonga alama ndani ya jabia, mwanangu mkubwa akiwa ameshika tochi. Sentimita moja ni lita 60. Wiki hii ulitoka umelowa hadi 64. Akazidisha kwa kidole mchangani, akagawa kwa 80, akaniinulia uso: "Siku arubaini na nane, baba." Masika tunayatarajia kabla ya hapo.