Chake hadi Wesha kwa miguu
Leo baada ya swala ya alfajiri nimetoka Chake Chake, hapa Pemba, mbio mpaka Wesha. Kwenda raha tupu, njia inateremka kuelekea baharini na upepo wa pwani unakupoza. Kurudi sasa! Pemba si tambarare kama Unguja jamani, vilima vimenitoa ulimi. Jua lilishatoka, karafuu zinaanikwa kwenye majamvi kando ya njia, harufu inaingia mpaka kifuani. Nikapunguza mwendo, nisije nikazikanyaga nikajitafutia kesi. Bibi mmoja anayechambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, kaniuliza, "Mwanangu, nani anakufukuza?" Nikamwambia, "Shikamoo bibi, mazoezi tu." Akacheka: "Basi njoo utuchumie karafuu, mazoezi yako mtini." Kesho najaribu njia ya Vitongoji. Nani twende?